Marejea si Moja: Zijue Krotalaria Kabla Hujapanda au Kulisha Mifugo



Kila mbolea ya viwandani inapopanda bei, simu yangu hujaa swali moja: "Afisa, mbegu ya marejea napata wapi?" Swali ni zuri. Marejea ni ya jamii ya mikunde, mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na ukiifukia ardhini ikiwa bado laini unapata mbolea ya kijani bila kununua mfuko. Kule Ruvuma, watawa wa Peramiho waliihimiza sana kwa wakulima miaka ya 1980, na jina likasambaa. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na marejea. Ugomvi wangu ni na jina lenyewe, maana siku hizi linabandikwa kwenye mbegu yoyote ya ukoo huo. Na ndani ya ukoo huo kuna mmea wa kurutubisha shamba, kuna mboga, kuna wa kutengenezea kamba, na kuna unaoua kuku na ng'ombe.

Ukoo huo kwa jina la kisayansi ni Crotalaria. Mimi nitaandika krotalaria. Jina limetokana na neno la Kigiriki la chombo cha kugonganisha wakati wa ngoma, kwa sababu ganda likikauka mbegu huachia ndani yake, na ukilitikisa linalia kama kayamba. Yule nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani naye alipewa jina la kisayansi kutoka neno hilohilo. Duniani kuna spishi karibu 700 za krotalaria, na nyingi ni za Afrika: mtaalamu Roger Polhill wa bustani ya Kew, Uingereza, alipochapisha kitabu chake mwaka 1982 kuhusu krotalaria za Afrika na Madagaska, aliorodhesha zaidi ya 500. Basi usishangae wewe na jirani yako mkiita marejea mimea miwili tofauti.

Huna haja ya kuzijua zote 500. Zijue tano au sita ambazo mkulima wa biashara anakutana nazo dukani, sokoni na pembeni mwa shamba.

Anza na jani, usianze na ua

Karibu krotalaria zote hizi zina maua ya njano yenye umbo la ua la kunde. Ukianza na ua utachanganyikiwa. Vilevile usiangalie urefu, maana urefu unategemea mvua na rutuba. Shika jani lililokomaa katikati ya shina, ulihesabu.

Jani lenye vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, kama jani la maharage, ni kundi la kwanza. Hapa ndipo ilipo marejea yenyewe.

Jani moja tu, lisilogawanyika, ni kundi la pili. Hapa ipo moja nzuri sana na mbili za hatari.

Ukikuta vipande vitano hadi saba vimetandazwa kama vidole vya mkono, huenda ni Crotalaria grahamiana, ambayo watafiti waliitumia sana magharibi mwa Kenya kupumzisha mashamba yaliyochoka. Huku kwetu ni nadra kuuziwa, kwa hiyo naiacha hapo.

Hesabu hiyo ya sekunde tano peke yake ingewaokoa wengi. Mtu akikuambia hii ni marejea na jani ni moja lisilogawanyika, jua kwamba si marejea. Inaweza kuwa kitu kizuri, inaweza kuwa kibaya, lakini marejea siyo.

Zenye vipande vitatu: marejea, mitoo na gugu la barabarani

Marejea ni Crotalaria ochroleuca. Vipande vyake vya jani ni vyembamba na virefu, rangi ya kijani angavu. Ua lake limefifia, njano inayokaribia nyeupe, lenye mistari myekundu kahawia. Hata hilo jina ochroleuca maana yake ni njano-nyeupe. Lakini alama isiyodanganya ni ganda. Ganda la marejea ni nene na limevimba, urefu wa sentimita 5 hadi 7 na unene unaofika hata sentimita 2. Weka kidole gumba chako pembeni yake, utaona vinalingana. Ndani kuna mbegu nyingi ndogo.

Ndugu yake wa karibu ni Crotalaria brevidens. Wajaluo wanaiita mitoo, Waluhya wanaiita miro, na ukifika soko la Kisumu au kwa Wajaluo wa Mara utaikuta imefungwa mafungu kama mchicha. Hapa kuna mtego, kwa sababu ochroleuca nayo huliwa na huuzwa kwa majina hayohayo. Tofauti zake ni hizi: brevidens ina kijani chenye ubluu kidogo, kama jani la kabichi, na ganda lake ni jembamba lililopinda kidogo, unene wa kalamu ya risasi. Halafu tafuna jani teke moja. Brevidens ni chungu waziwazi. Ochroleuca uchungu wake ni mdogo.

Kwa anayepanda mbolea ya kijani uchungu haumhusu. Kwa anayeuza mboga, huo ndio biashara yenyewe. Kuna wateja wanaotaka uchungu wa mitoo, wanapika na maziwa au wanachanganya na kunde kuupunguza, na ukiwapelekea ile isiyo chungu wanakuambia umewaletea majani ya porini. Wengine, hasa watoto na wageni wa mboga hiyo, wanaitaka ileile isiyo chungu. Kabla hujapanda robo eka ya mboga, muulize mnunuzi wako anataka ipi, kisha usichanganye mbegu. Fungu lenye majani ya rangi mbili mteja analiona kwa mbali.

Ya tatu katika kundi hili ni gugu la kawaida, Crotalaria pallida. Utaikuta kandokando ya barabara, kwenye viwanja vilivyotelekezwa na mashamba ya zamani ya mkonge. Nayo ina vipande vitatu, lakini ni vipana, umbo la yai. Maua ni madogo na mengi kwenye mkungu mmoja mrefu, na maganda ni membamba yamening'inia kwa wingi yakitazama chini. Kuna watu wanakusanya mbegu zake na kuziuza, kwa sababu zinapatikana bure na kwa wingi. Naitrojeni inanasa kama wenzake, sikatai, ila ina alkaloidi zenye sumu na ni gugu sugu. Usilipe hela kwa ajili yake.

Zenye jani moja: hapa ndipo penye hatari

Nzuri kwanza. Crotalaria juncea asili yake ni India, ambako imelimwa tangu zamani kwa ajili ya nyuzi za kamba na mbolea ya kijani. Wenzetu wa Zambia na Zimbabwe wanaiita sanhempu. (Jina hilo limewahi kumtia kijana mmoja matatani kwa mtendaji wa kijiji. Haina undugu wowote na bangi, ni nyuzi zake tu zilizofananishwa.) Jani la juncea ni refu, limechongoka pande zote mbili kama jani la mwembe lililopunguzwa, na lina vinyweleo laini. Ua ni kubwa la njano kali. Ganda ni fupi, sentimita 3 hivi, na limefunikwa manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Kumbuka hayo manyoya.

Sasa mbili za hatari: Crotalaria retusa na Crotalaria spectabilis. Zote zina jani moja, ua kubwa la njano, na zinapendeza kiasi kwamba kuna watu wanazipanda mbele ya nyumba kama maua. Tofauti na juncea ni kama ifuatavyo.

Jani la retusa ni jembamba kwenye kikonyo na linapanuka kuelekea mwisho, kama mwiko mdogo, na ncha yake imekatika au imebonyea kidogo katikati badala ya kuchongoka. La spectabilis nalo ni pana kuelekea mwisho, kubwa zaidi, na shina lake mara nyingi lina rangi ya zambarau. Maganda ya zote mbili ni laini bila manyoya, na yakiiva yanageuka meusi. Ukitaka kuzitofautisha hizi mbili zenyewe kwa zenyewe, angalia chini ya kila kikonyo cha ua: spectabilis ina kijani kipana chenye umbo la yai kilichokumbatia hapo, retusa ina kijinywele tu usichokiona kwa urahisi. Ila kwa mfugaji tofauti hiyo ni ya elimu zaidi, maana zote mbili zina sumu ileile.

Retusa ipo sana ukanda wetu wa pwani, kwenye udongo wa kichanga. Msimu uliopita kijana mmoja wa kata yetu aliletewa kilo tano za "marejea" na muuzaji wa mtandaoni, akapanda kwenye nusu eka aliyokuwa anaipumzisha baada ya nyanya. Aliponiita mimea ilikuwa imefika kiunoni na ua la kwanza limetoka. Jani moja, ncha imebonyea. Alikuwa amepanga afyeke nusu, ile nyingine aiache ikomae, mbegu avune auze, na makapi yaende kwenye banda la kuku wa mayai mia tatu. Tuliing'oa yote kabla ya maganda, ikafukiwa kwenye shimo mbali na banda. Hela ya mbegu ilipotea, msimu ukapotea nusu. Kuku wapo.

Sumu yenyewe inafanyaje kazi

Ndani ya retusa na spectabilis kuna alkaloidi inayoitwa monokrotalini, iliyopewa jina la ukoo huu. Ipo kwenye majani, lakini kwenye mbegu ndiyo imejaa. Ukiila yenyewe haijawa kali. Ini ndilo linaloibadilisha, na ikishabadilika inashambulia seli za ini lilelile na mishipa midogo ya damu. Ini linasinyaa na kuwa gumu. Kwa hiyo mnyama hafi siku hiyo. Anaweza kula leo, akaanza kukonda, kujaa maji tumboni au kuzubaa wiki kadhaa baadaye, wakati mwingine miezi, ambapo wewe umeshasahau alikula nini na unamlaumu kupe au minyoo. Dawa ya kuiondoa hakuna. Kuku, nguruwe, farasi na ng'ombe wanaumia kirahisi. Kondoo na mbuzi wanavumilia zaidi, na ndiyo maana mtu anakuambia "mbona mbuzi wangu wanakula hawafi."

Na binadamu pia. Miaka ya 1970 katika wilaya ya Sarguja huko India, watu wengi waliugua ini na wengine wakafa kwa sababu nafaka yao, aina ya ulezi mdogo, ilikuwa imechanganyika na mbegu za krotalaria ya porini. Hawakujua kwamba wanaila. Ilivunwa pamoja na zao, ikapurwa pamoja, ikasagwa pamoja. Nakuandikia hili kwa sababu vijana wengi sasa mnasaga wenyewe chakula cha kuku kwa mahindi na soya mlizonunua shambani kwa watu. Chekecha kabla ya kusaga. Mbegu ya krotalaria ina umbo kama la figo ndogo iliyokunjika upande mmoja, ukishaiona mara moja huwezi kuisahau.

Spectabilis ina historia inayotuhusu. Marekani waliiingiza kwenye majimbo ya kusini miaka ya 1920 kama mbolea ya kijani, ikafanya kazi vizuri, kisha ikaanza kuua mifugo na kuku, na hadi leo ni gugu linalopigwa vita huko. Ganda la nje la mbegu ni gumu, kwa hiyo nyingine zinalala ardhini miaka kadhaa ndipo zinaota. Huwezi kusema nitaijaribu mwaka mmoja.

Mtego mwingine upo hapa, na wa kisasa. Ukitafuta kwenye intaneti namna ya kupambana na minyoo fundo kwenye nyanya au karoti, utaambiwa panda krotalaria. Ni kweli kabisa. Lakini maelezo mengi yanatoka Brazili, ambako spectabilis inauzwa kihalali kwa wakulima wakubwa wa soya wasio na kuku wala ng'ombe karibu na shamba. Juncea na marejea nazo zinawapunguza minyoo fundo. Wewe mwenye banda mita hamsini kutoka kwenye bustani, chagua kati ya hizo mbili.

Je, marejea na juncea zenyewe ni salama kulisha? Ng'ombe wa India wanalishwa majani ya juncea, na marejea imewahi kulishwa mifugo hapa kwetu. Lakini Brazili kuna farasi walioharibika mapafu kwa kula chakula chenye mbegu za juncea. Msimamo wangu ni huu: majani machanga kwa ng'ombe au mbuzi, kidogo, yakichanganywa na majani mengine, sina neno. Mbegu ya krotalaria yoyote isiingie kwenye chakula cha mnyama yeyote, na kwa kuku isikaribie kabisa.

Ipi upande, na kwa nini kosa la jina linakula hela hata pasipo sumu

Tuseme umepata juncea wakati ulitaka marejea. Hakuna atakayekufa, lakini hesabu zako zote zimebadilika. Mbegu ya juncea ni kubwa na nzito mara kadhaa kuliko ya marejea, kwa hiyo kilo kumi za juncea zinafunika eneo dogo kuliko kilo kumi za marejea. Ukimwaga juncea kwa kipimo cha marejea utapata shamba lenye vipara, na vipara maana yake magugu. Kinyume chake utakuwa umetupa mbegu.

Muda nao ni tofauti. Juncea inakimbia, katika siku 60 hivi inaweza kukuzidi urefu, na inafaa sana kwa nafasi fupi kati ya zao na zao. Ikicheleweshwa shina linakuwa ngumu kama kamba, ambayo kwa kweli ndiyo kazi yake, na hapo jembe la mkono halifukii kitu. Ifukie inapoanza kutoa maua, usisubiri ganda. Tena juncea hutoa maua siku zinapofupika, kwa hiyo tarehe ya kupanda inabadilisha tabia yake. Marejea inaanza polepole, inahitaji palizi moja ya mapema, lakini ikishashika inatupa majani mengi. Kama una msimu mzima wa kupumzisha shamba, marejea. Kama una miezi miwili kabla ya kupandikiza kabichi, juncea.

Unayetaka kuzalisha mbegu uuze, jua kwamba juncea inategemea nyuki wakubwa, wale weusi wanaotoboa mbao, kuhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea. Ukipiga viuadudu wakati wa maua utapata maganda matupu. Kwenye maganda ya krotalaria yoyote utakuta pia viwavi wa nondo mweupe mwenye vidoti vyekundu na vyeusi. Huyo anakula mbegu zenye sumu na sumu inabaki mwilini mwake, ndiyo maana ndege hawamgusi. Wakague mapema, waokote kwa mkono.

Unapokwenda kununua

Mbegu peke yake haitoshi kukupa uhakika, lakini inakupa mashaka ya kutosha. Ya marejea ni ndogo, njano hadi kahawia nyekundu. Ya juncea ni kubwa zaidi, kijivu cheusi au kahawia iliyokoza, imefifia. Ukiona nyeusi inayong'aa kama imepakwa mafuta, na ni ndogo kuliko juncea, rudisha mkono mfukoni, inaweza kuwa spectabilis.

Omba jina la kisayansi, maneno yote mawili, liandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayejua anachouza hakasiriki. Kama ni mbegu ya kutoka kwa mkulima mwenzako, omba uone shamba au picha yenye jani na ganda. Kama haiwezekani, nunua gramu mia, panda kwenye ndoo, subiri hadi jani la tano, kisha hesabu vipande. Wiki tatu au nne za kusubiri si kitu ukilinganisha na nusu eka ya kung'oa.

Ukikwama, niletee tawi lenye jani, ua na ganda, umelibana ndani ya gazeti likauke likiwa bapa. Picha za simu zinanisaidia pia, ila piga tatu: jani moja likiwa juu ya kiganja, ua kwa pembeni, na ganda kando ya kidole gumba. Zile ngumu nazipeleka mbele, kwani mimea mikavu ya kulinganishia ya taifa imehifadhiwa Arusha. Picha ya shamba zima kutoka kwenye njia, lenye njano tupu inayopendeza, hiyo siwezi kukuambia chochote.